Naapa, Naahidi, Nathibitisha: Jina la Mungu na Lugha ya Kiapo cha Umma

Suala la kumtaja au kutomtaja Mungu katika viapo, ahadi na nyimbo za taifa limekuwa kwa muda mrefu uwanja wa wanasheria, wanasiasa na viongozi wa dini. Sisi wanafunzi wa lugha tumekaa pembeni, kana kwamba jambo hilo halituhusu. Lakini kiapo ni tendo la lugha kabla hakijawa tendo la sheria. Anayeapa hafanyi kitu kingine chochote ila kutamka. Na akishatamka, hali yake imebadilika: raia amekuwa waziri, mpita njia amekuwa shahidi, kijana wa kijijini amekuwa askari. Ikiwa maneno ndiyo yanayofanya kazi hiyo, basi ni wajibu wetu kuyachungua kwa makini, hasa sasa ambapo Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa upande wa Kiswahili, ubishi juu ya jina la Mungu umeelekezwa mahali pasipo na uzito mkubwa. Jina lenyewe, kwa namna lilivyoingia na kukaa katika lugha hii, halimwonei mtu wa dini yoyote kati ya zile kubwa tulizo nazo. Udhia uko katika kitenzi. Tunacho kitenzi kimoja chenye nguvu, kuapa, na mwenzake ambaye sheria inamtaka awe sawa naye hajapata bado umbo linaloridhisha. Matokeo yake ni kwamba haki ambayo sheria imempa raia kwa Kiingereza yaweza kumponyoka anapoitafuta kwa Kiswahili.

Jina lisilo la dhehebu

Tuanze na jina. Mungu ni neno la Kibantu, ndugu wa Mulungu wa Wamijikenda, wa Wayao na wa Wachewa. Halikuletwa na jahazi wala meli. Uislamu ulipoingia pwani ulilikuta, na ukalichukua. Wamisionari wa Kikristo walipofika nao walilikuta likiwa limekwisha kuzoea msikiti, wakalichukua vilevile. Tafsiri ya Korani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka mwaka 1969, humwita Mwenyezi Mungu. Biblia ya Kiswahili humwita Mungu. Hata mwenyezi lenyewe ni ndoa ya lugha mbili, mwenye ya Kibantu na enzi yenye asili ya Kiarabu, na Wakristo hawajaona haya kulitumia kanisani.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Nchini Malaysia, Wakristo wanaosema Kimalei wamemwita Mungu kwa jina la Allah tangu zamani; mnamo Oktoba 2013 Mahakama ya Rufani ya huko iliamua kwamba gazeti moja la Kikatoliki lisiruhusiwe kulitumia jina hilo, na kesi za aina hiyo zikaendelea kwa miaka. Neno moja liligawa taifa. Kwetu, neno moja lilikubaliwa na pande zote mbili bila mahakama yoyote, na laiti wale wanaodhani kwamba Kiswahili ni lugha ya dini fulani wangelikumbuka hilo.

Kisarufi pia neno hili lina tabia ya kutazamwa. Katika umoja huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA: Mungu amesema, Mungu yuko. Wingi wake, hata hivyo, ni miungu, na umbo hilo limekwenda kukaa na miti na mito na mioyo. Mwenye kusema Mungu anasikika akimtaja mtu hai mwenye kutenda. Mwenye kusema miungu anasikika, walau kwa umbo, akitaja vitu. Tumezoea kusema kwamba jina Mungu ni la wote, lakini sarufi yake imeegemea upande wa wale wanaoamini Mungu mmoja. Katika sensa ya 2019 nchini Kenya watu 60,287 waliandikwa kuwa Wahindu, 318,727 kuwa wafuasi wa dini za jadi, na 755,750 kuwa hawana dini. Kwa hiyo kusema kwamba jina hili halimwonei mtu yeyote kabisa kungekuwa kutia chumvi. Twaweza kusema tu kwamba halimpi Mkristo nafasi ya mbele ya Muislamu, wala Muislamu nafasi ya mbele ya Mkristo, na kwa historia ya nchi hizi hilo ni jambo kubwa.

Wimbo wa taifa wa Kenya, uliotayarishwa na jopo la wanamuziki watano mwaka 1963 kwa lahani ya kubembelezea mtoto ya Wapokomo, umejengwa juu ya jina hilo. Ubeti wa kwanza ni dua mwanzo hadi mwisho. Beti mbili zinazofuata zinawageukia wananchi na kuwahimiza. Wanasarufi wanaweza kubishana juu ya kiambishi i- katika kitenzi cha mshororo wa pili, ilete: je, ni kiambishi cha mtenda, kinachorejelea nguvu, au ni cha mtendwa, kinachorejelea baraka? Likichukuliwa la kwanza, inayoombwa kuleta ni nguvu. Likichukuliwa la pili, anayeombwa ni Mungu mwenyewe. Mimi naegemea la pili, kwa sababu mwenye kuitwa mwanzoni mwa ubeti hawezi kuachwa bila kuambiwa neno. Wimbo wa Tanzania, Mungu Ibariki Afrika, nao umetoka katika wimbo wa Kixhosa alioutunga mwalimu Enoch Sontonga mwaka 1897, na ni dua vilevile.

Ninasisitiza neno dua kwa sababu maalum. Dua haimfungi mtu. Asiyetaka kuitikia anaweza kusimama kimya kwa heshima, na wimbo ukaendelea bila yeye. Kiapo hakina nafasi ya kimya. Kumtaja Mungu katika wimbo na kumtaja katika kiapo ni matendo mawili tofauti, na hoja nyingi zinazotolewa juu ya jambo hili zimevurugika kwa kuyachanganya.

Kiapo kabla ya katiba

Kitenzi kuapa ni cha Kibantu, na watoto wake wanaonyesha alivyo. Kuapisha ni kumtia mtu katika kiapo. Kuapiza ni kumlaani. Kiapo, kwa matumizi ya zamani, hakikuwa maneno peke yake; kilikuwa pia jaribio ambalo mshtakiwa alitiwa ili kweli ijulikane. Wamijikenda walikuwa na kiraho cha shoka lililotiwa moto: asiye na hatia haungui. Ndiyo maana tunasema mpaka leo kula kiapo, na kula yamini, ingawa yamini ni neno la Kiarabu lenye maana ya kiapo na pia mkono wa kulia. Wagikuyu nao husema kunyua muma, yaani kunywa kiapo. Huingia mwilini, na kikivunjwa, hudhuru kutoka ndani.

Nguvu ya kiapo cha namna hii haikutokana na kutajwa kwa Mungu. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alipowaunganisha Wagiriama dhidi ya serikali ya Kiingereza iliyotaka vijana wao kwa kazi za kulazimishwa, viapo viwili ndivyo vilivyowafunga watu: mukushekushe wa wanawake na kiapo cha fisi cha wanaume. Serikali ilikiona kiapo kuwa silaha, na haikukosea. Miaka arobaini baadaye hofu hiyo ilirudi kwa ukubwa zaidi: hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na katika miaka iliyofuata serikali ya kikoloni ilishughulika sana na watu waliokula kiapo cha Mau Mau, ikaandaa hata matambiko ya kuwatakasa. Serikali iliyojivunia kuleta Ukristo ililazimika kukubali, kwa vitendo, kwamba maneno yasiyo ya Kikristo yana nguvu ya kumfunga mtu.

Uhuru haukumaliza jambo hili. Mwaka 1969, baada ya kuuawa kwa Tom Mboya tarehe 5 Julai, watu wengi wa Mkoa wa Kati walipelekwa kuapishwa, wengine kwa nguvu, na makanisa, likiwemo la PCEA, yakapinga hadharani. Waumini waliokataa waliona kuwa wamekwisha kufungwa na ahadi nyingine, na kwamba binadamu hawezi kufungwa na mabwana wawili. Hapa ndipo tunapoona kilicho hatarini. Raia aliyekataa kula kiapo hakuwa adui wa dini wala wa taifa. Aghalabu alikuwa mtu wa dini aliyeyachukua maneno kwa uzito kuliko wale waliokuwa wakimshurutisha.

Sasa tutazame kiapo tulichokirithi kutoka kwa Waingereza. Katika Kiingereza, kiapo humalizika kwa maneno manne mafupi ya kumwita Mungu, na la kwanza kati ya hayo ni kielezi ambacho wengi hukipita bila kukisikia. Maana yake ni "kwa sharti hilo." Anayeapa anasema: Mungu na anisaidie kwa kadiri nitakavyokuwa mkweli, na nisipokuwa mkweli, asinisaidie. Ni apizo lililofichwa. Mtu anajilaani mwenyewe kwa masharti.

Kwa Kiswahili kawaida tunasikia: Ewe Mwenyezi Mungu nisaidie. Kielezi kimeanguka njiani. Kilichobaki ni kitenzi katika hali ya kuomba, chenye kiambishi cha nafsi ya kwanza, bila sharti lolote. Rais, waziri au mbunge anayetamka maneno hayo hajilaani. Anaomba msaada katika kazi nzito iliyo mbele yake. Kiapo cha Kiingereza kimegeuka, katika kinywa cha Mswahili, kuwa dua. Sidhani kama mfasiri wa kwanza alikusudia hivyo, lakini alisikiliza vizuri lugha yake: Mswahili amwitapo Mungu kwa ewe, humwita ili aombe.

Kutokana na hayo, uzito wote wa kiapo cha Kiswahili umehamia kwenye neno moja, naapa. Ukiondoa sentensi ya mwisho yenye jina la Mungu, kiapo kinabaki kiapo, kwa sababu naapa ina historia yake ya moto na shoka na laana. Ukiiacha sentensi ile na kuondoa naapa, umebaki na maombi. Mtu asiyetaka kuapa kwa sababu za dhamiri hatasaidiwa kwa kufutiwa jina la Mungu. Anahitaji kitenzi kingine.

Funzo la ahadi ya wanafunzi

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Marekani, na nautumia kwa sababu shule zetu nazo zilikuwa na ahadi ya kukaririwa mbele ya bendera, kama tutakavyoona. Ahadi ya utiifu kwa bendera ya Marekani ilitungwa mwaka 1892 na Francis Bellamy, aliyekuwa mchungaji wa Kibaptisti. Hakumtaja Mungu mahali popote. Mwaka 1940, Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba watoto wa Mashahidi wa Yehova wanaweza kulazimishwa kuisalimu bendera. Miaka mitatu baadaye, tarehe 14 Juni 1943, mahakama hiyohiyo ikajigeuza na kuamua kwamba hakuna mtoto anayeweza kulazimishwa. Maneno yaliyomtia Mungu katika ahadi hiyo yaliongezwa kwa sheria aliyoitia sahihi Rais Eisenhower tarehe 14 Juni 1954, wakati wa ushindani na Urusi ya kikomunisti. Mwaka 2004 baba mmoja asiyeamini Mungu alifikisha kesi yake katika mahakama hiyo, ikatupwa kwa sababu ya hali yake ya kisheria, na suala lenyewe halikujibiwa.

Tarehe zilingane au zisilingane, mpangilio wa matukio ndio wenye kufundisha. Watoto wa 1940 na 1943 walikataa ahadi ambayo haikuwa na Mungu ndani yake. Waliikataa kwa ajili ya dini, kwa kuwa kwao kusimama mbele ya kitambaa na kukiahidi utiifu kulikuwa tayari ni ibada. Baba wa 2004 aliikataa ahadi hiyohiyo kwa kuwa ilikuwa na Mungu. Kumtia Mungu hakukuwatuliza wa kwanza. Kumtoa hakungewatuliza pia. Wote wawili walikuwa wakilalamikia kulazimishwa. (Mfasiri atakayejaribu kuyaleta maneno yale ya 1954 katika Kiswahili atapata taabu. Chini ya Mungu, kwa masikio yetu, ni mahali, kama chini ya mwembe. Taifa lililo chini ya Mungu lasikika kama limeegeshwa kivulini.)

Kenya ilikuwa na mfano wake. Ahadi ya utiifu iliyokaririwa na wanafunzi katika utawala wa Rais Moi, kuanzia 1978 hadi 2002, haikumtaja Mungu. Ilimtaja Rais kwanza, kisha taifa; ikaahidi kuitetea bendera, ikatoa maisha, nguvu na utumishi wa mwenye kuahidi, ikataja Harambee na falsafa ya Nyayo ya amani, upendo na umoja. Wale wanaodhani kwamba ahadi isiyo na dini ni ahadi isiyo na hatari kwa dhamiri waisome tena. Kiti ambacho katika viapo vingine hukaliwa na Mungu hakikuachwa wazi. Wala neno nyayo si tupu: mwenye kufuata nyayo hufuata mtu. Inafaa pia kukumbuka kwamba ibara ya 9 ya Katiba ya 2010 imetaja alama za taifa kuwa bendera, wimbo, nembo na muhuri wa umma; ahadi haimo.

Nembo yenyewe ina neno Harambee, nalo limeletewa mashaka ya kidini. Wapo Wakristo wanaodai kwamba neno hilo limetoka kwa vibarua wa Kihindi wa reli waliokuwa wakimwita mungu wao wa kike, Ambe, na kwamba kulitamka ni kumwabudu. Wengine husema ni ukelele wa wavuta mizigo na mabaharia wa pwani. Asili hiyo ya Kihindi haijathibitishwa kwa ushahidi wa kutosha, na hata ingethibitishwa, isingetosha. Neno halibebi imani ya aliyelitamka kwanza. Kama ingekuwa hivyo, Jumamosi isingeweza kutamkwa na Mkristo, maana siku zetu zimehesabiwa kutoka Ijumaa ya Waislamu.

Serikali isiyo na nini?

Upande wa istilahi za katiba kuna tatizo jingine, ambalo nitalipita kwa haraka kwa kuwa linastahili makala yake. Kiswahili hakijapata neno la kutosheleza la kueleza dola isiyoegemea dini. Tanzania hutumia isiyo na dini, au isiyokuwa na dini, na Mwalimu Nyerere alisisitiza mara nyingi kwamba serikali haina dini ingawa wananchi wanazo. Wasikilizaji wake walimwelewa. Hata hivyo, katika Kiswahili cha kila siku, mtu asiye na dini ni mtu asiye na huruma, asiyeogopa kitu, anayeweza kumpora yatima. Mzee wa Mombasa au Lamu akiambiwa kwamba serikali yake haina dini anaweza kujibu kwamba hilo amekwisha kuligundua kwenye kodi.

Ibara ya 8 ya Katiba ya Kenya ilichukua njia nyepesi zaidi, ya kusema kwamba hakuna dini ya Dola. Dola inakanushwa umiliki wa dini, hainyimwi dhamiri. Na Katiba hiyohiyo, katika utangulizi wake, inaukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu. Wako wanaoona mgongano hapo. Mimi siuoni, ilmradi tukumbuke tofauti ya dua na kiapo: utangulizi ni sauti ya watu wakijieleza wao ni nani, na haumtaki mtu yeyote atamke kitu ili apate haki yake. Kwa istilahi ya jumla ningependekeza isiyofungamana na dini, kwa mfano wa isiyofungamana na upande wowote, ambayo ilikubalika tangu enzi za mataifa yasiyofungamana.

Kitenzi cha pili

Sasa turudi kwenye kitenzi, ambako ndiko kuliko na kazi ya kufanywa.

Sheria ya Kenya inampa raia njia mbili. Jedwali la Tatu la Katiba, lenye viapo vya Rais, majaji, wabunge na wengineo, linaruhusu kuapa au kuthibitisha kwa dhati, na maneno ya kumwita Mungu yamewekwa kwa ajili ya anayeapa peke yake. Kwa mashahidi mahakamani, sheria ya viapo nayo inampa nafasi mtu anayekataa kuapa, ama kwa kuwa hana imani ya dini, ama kwa kuwa dini yake inamkataza. Ibara ya 32 inasema wazi kwamba mtu asilazimishwe kutenda lililo kinyume cha imani yake.

Njia ya pili ina historia ndefu, na haikuanzishwa na wasioamini Mungu. Uingereza iliwaruhusu Marafiki, yaani Wakweka, kutoa uthibitisho badala ya kiapo mwishoni mwa karne ya 17, kwa sababu waliyasoma maneno ya Yesu juu ya kutoapa katika Injili ya Mathayo wakayatii kama yalivyo. Asiyeamini alingoja miaka mia mbili zaidi: Charles Bradlaugh alichaguliwa bungeni mwaka 1880, akazuiwa kuketi kikamilifu hadi 1886, na sheria ya kuwafungulia mlango watu wa aina yake ikapita mwaka 1888. Marafiki hao walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo jamii yao ya magharibi ya Kenya ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Mwenye kudhani kwamba uthibitisho ni jambo la wasomi wachache wa Nairobi wasiokwenda kanisani na aende Vihiga.

Kwa Kiingereza, basi, njia ni mbili na zote ni pana. Kwa Kiswahili, ya kwanza ni barabara na ya pili ni kichochoro. Neno linalotumiwa mara nyingi ni nathibitisha. Kuthibitisha ni kuonyesha kwa ushahidi kwamba jambo ni kweli. Daktari huthibitisha ugonjwa. Karani huthibitisha kupokea barua. Mtu anawezaje kuthibitisha kwamba atakuwa mwaminifu katika miaka mitano ijayo? Kitenzi hiki kinatazama nyuma, kwenye jambo lililokwisha kuwa, nacho kinapewa kazi ya kutazama mbele. Msikilizaji anahisi kwamba aliyetamka nathibitisha amekwepa kitu, ilhali aliyetamka naapa amejifunga. Hivyo usawa uliokusudiwa na sheria unapotea masikioni.

Tanzania Bara inatupa tahadhari nyingine. Katika kumbukumbu za mahakama za huko, mara nyingi huandikwa kwamba shahidi Mkristo ameapa na shahidi Muislamu amethibitisha. Neno lililobuniwa kwa ajili ya asiyeapa limegeuka kuwa alama ya dhehebu, kana kwamba Waislamu, wenye wallahi na billahi na yamini, hawajui kuapa!

Wengine wamependekeza nakiri. Lakini mtu hukiri kosa, au hukiri imani. La kwanza linamfanya shahidi aonekane mshtakiwa, na la pili linamrudisha palepale alipotaka kutoka. Kuweka nadhiri ni tendo la ibada.

Kosa letu, nadhani, limekuwa kutafuta neno moja kwa kazi mbili. Wanasheria wanatenganisha kiapo cha shahidi, kinachohusu ukweli wa yaliyopita, na kiapo cha utumishi, kinachohusu uaminifu wa yajayo. Kuapa kwa Kiswahili kunaweza yote mawili. Mwenzake si lazima aweze. Kwa utumishi, neno tunalo tayari: naahidi kwa dhati. Itapingwa kwamba kuahidi ni kwepesi, kwamba tunaahidiana soda na safari kila siku. Ni kweli, na tunaapa pia kila siku, sokoni na kwenye karata, bila kiapo cha Rais kupungukiwa. Hoja nzito zaidi ni kwamba ahadi ina adhabu yake ndani ya lugha yenyewe, isiyohitaji mamlaka ya juu: ahadi ni deni, na deni kwa Mswahili ni fedheha mpaka lilipwe, hata na warithi. Ahadi za mwanachama wa TANU zilikaririwa na vizazi vizima vya Watanzania bila kumtaja Mungu na bila kitenzi kuapa, na sijapata kumsikia mtu akidai kwamba zilikuwa maneno ya mzaha.

Kwa shahidi, naahidi haitoshi peke yake, kwa kuwa anaulizwa juu ya jambo lililokwisha kutendeka. Hapa ningependelea natoa neno langu: Natoa neno langu kwamba ushahidi nitakaoutoa ni kweli, kweli yote, wala hautakuwa na jingine ila kweli. Kutoa neno ni kujiweka rehani. Mtu aliyetoa neno lake hawezi kulichukua tena bila watu kujua, na hilo ndilo sheria inalolitafuta.

Maumbo haya mawili yanaweza kukosolewa, na natumaini yatakosolewa na wenye ujuzi wa Kiswahili cha mahakama kuliko mimi. Lakini yasiachwe kwa karani wa zamu, anayefasiri papo hapo huku hakimu akitazama saa. Karani huyo, akimwona mtu anasita, kwa kawaida humsukumia Biblia au Korani na kumwambia aseme naapa kama wenzake. Naye shahidi, aliyekuja kudai shamba la baba yake, hatapoteza siku yake akibishana juu ya kitenzi.